Askari Wepesi wa Miguu Kandokando ya Rusizi: Shangi 1896 na Mipaka ya Mkuki

Utangulizi

Vitabu vingi vya historia ya Rwanda hutaja Shangi kwa sentensi moja au mbili. Katikati ya mwaka 1896 jeshi la Mwami Mibambwe wa Nne Rutarindwa lilishambulia kituo kilichowekwa na askari wa Dola Huru ya Kongo huko Shangi, juu ya Ziwa Kivu, likarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Maelezo ya sababu huwa mafupi zaidi ya tukio lenyewe: mikuki ilikutana na bunduki, na bunduki zikashinda. Hakuna uongo katika maelezo hayo. Kasoro yake ni kwamba yanafunga mjadala kabla haujafunguliwa. Miaka mitano tu kabla ya Shangi, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa waliokuwa na mikuki na ngao waliuangamiza msafara wa Emil von Zelewski pale Lugalo, katika Uhehe. Zelewski alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini aliuawa pamoja na mamia ya askari wake. Kama bunduki peke yake ingetosha kueleza Shangi, basi Lugalo ingepaswa kuwa muujiza, na mwanahistoria hana ruhusa ya kutegemea miujiza.

Makala haya yanadai kwamba kilichoamua mambo pale Shangi ni aina ya vita ambayo askari mwepesi wa miguu alitakiwa kuipigana, kuliko tofauti ya silaha ikitazamwa peke yake. Kwa askari mwepesi hapa inakusudiwa mpiganaji atembeaye kwa miguu, asiye na vazi la kujikinga wala gari la mizigo, ambaye silaha zake zote huchukuliwa kwa mikono miwili na bega. Eneo linalohusika ni lile ambalo wenyeji waliliita Kinyaga, Wajerumani wakaliita Shangugu, na baadaye likawa mkoa wa Cyangugu. Tangu mwaka 2006 limegawanyika katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na Shangi yenyewe imeangukia Nyamasheke. Mgawanyo huo wa kiutawala haukuwapo katika karne ya 19, hivyo eneo lote linachukuliwa hapa kuwa moja.

Ngao, upinde na hesabu ya waliouawa

Lugha ya Kinyarwanda yenyewe inasema mengi kuhusu jeshi hili. Neno ingabo lina maana ya ngao na pia maana ya askari, na hadi leo ndilo jina la jeshi la taifa. Neno umuheto ni upinde, lakini pia ni uhusiano wa utii kati ya ukoo na mkuu wa jeshi. Mtu alizaliwa ndani ya jeshi la baba yake kama alivyozaliwa ndani ya ukoo. Alexis Kagame, ambaye kitabu chake Les milices du Rwanda précolonial cha mwaka 1963 bado ndicho chanzo kikuu cha majina na nasaba za majeshi hayo, aliorodhesha makumi ya makundi ya namna hiyo, kila moja likiwa na mkuu wake, ng'ombe wake na kumbukumbu zake. Mwami mpya aliunda majeshi mapya, lakini yale ya zamani hayakufutwa. Kwa hiyo jeshi la Rwanda lilikuwa pia taasisi ya kodi, ya malisho na ya hadhi, na vita vilikuwa sehemu tu ya shughuli zake.

Vijana waliochaguliwa waliingia itorero, mahali pa malezi katika ikulu ya mwami au ya mtwana mkubwa, wakafundishwa kurusha mkuki, kulenga mshale, kuruka, kucheza na kughani majigambo yao, yaani ibyivugo. Nafasi hizo hazikugawanywa sawa. Watoto wa koo zenye ng'ombe wengi ndio waliojaza itorero, ilhali wakulima wengi walishiriki vita kwa kubeba vyakula na mizigo, ingawa chini ya Kigeri wa Nne Rwabugiri wigo wa waliobeba mkuki ulipanuka. Silaha zilikuwa mkuki, upinde na podo, upanga mfupi na ngao nyepesi. Mshale na mkuki wa kurusha huwa na nguvu katika makumi ya mita. Mpiganaji hakuwa na sababu ya kuchukua kitu kizito zaidi, kwa kuwa lengo la vita vingi lilikuwa kuteka ng'ombe wa adui na kurudi nao nyumbani kabla majirani hawajakusanyika. Katika vita vya namna hiyo miguu ina thamani kuliko chuma.

Hata hivyo, ndani ya jeshi hilo jepesi kulikuwa na desturi iliyovuta upande mwingine. Heshima ya mpiganaji ilihesabiwa kwa idadi ya aliowaua kwa mkono wake. Aliyeua saba alipewa umudende, kengele ya kuvaa shingoni. Aliyefikisha kumi na wanne alipewa bangili ya impotore. Na aliyefikisha ishirini na mmoja alifanyiwa sherehe ya gucana uruti, ambamo mpini wa mkuki ulichomwa moto. Kila kifo kilihitaji shahidi. Desturi hii inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa na wale wanaoichukulia kama mapambo ya ikulu. Kama tuzo hutolewa kwa anayemwua adui ana kwa ana mbele ya wenzake, basi kijana mwenye tamaa ya jina hatapenda kumchosha adui kwa mbali, kumkatia chakula, au kumngoja njiani siku tatu. Atapenda kumkaribia. Jeshi lilikuwa na mwili wa askari mwepesi, lakini mizani yake ya sifa ilimsukuma mbele, hadi kwenye umbali ambao wepesi haumsaidii tena.

Kinyaga: njia ya majeshi

Kinyaga imetengwa na Rwanda ya kati na msitu mkubwa wa Nyungwe. Upande wa magharibi liko Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lenye rasi na ghuba nyingi. Kusini mwake Mto Rusizi hutoka ziwani na kushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, ukipita korongo kwanza kisha bonde pana la Bugarama na tambarare ya kuelekea Uvira. Hakuna gari la kukokotwa ambalo lingepita hapo katika karne ya 19, na kwa hakika halikuwapo. Kila jeshi lililoingia Kinyaga, liwe la mwami, la Waarabu na Waswahili waliofanya biashara kutoka Ujiji, au la Wazungu, lilikuwa jeshi la miguu na mitumbwi.

Rwabugiri, aliyetawala kuanzia miaka ya 1860 hadi alipofariki Septemba 1895, aliigeuza Kinyaga kuwa uwanja wa kuanzia safari zake za magharibi. Alijenga makao kando ya ziwa, Rubengera likiwa mojawapo upande wa kaskazini ya Kinyaga, akashambulia kisiwa cha Ijwi hadi Mwami Kabego akauawa, na mara kwa mara akavuka kwenda Bushi. Ijwi iliangushwa, ila Bushi haikuangushwa kwa kudumu. Mauti yenyewe yalimkuta akiwa katika safari ya vita dhidi ya Bushi. Kwa Ijwi mitumbwi ilihitajika kwa wingi, na wenyeji wa kando ya ziwa ndio waliojua kuiendesha. Mabingwa wa mkuki kutoka ikulu walikaa kwenye mtumbwi wakivushwa kama mizigo, jambo ambalo majigambo yao hayakulisisitiza.

Catharine Newbury, katika utafiti wake juu ya Kinyaga uliochapishwa mwaka 1988, alionesha jinsi majeshi hayo yalivyobadilisha maisha ya wakazi. Majina Impara na Abiiru, ambayo asili yake ni majina ya majeshi, yakawa pia majina ya sehemu mbili za nchi chini ya wakuu wa kutoka ikulu. Koo zenye ng'ombe zilitakiwa kumpa mkuu wa jeshi ng'ombe mmoja mara kwa mara ili zipate ulinzi wake. Huo ndio uliokuwa umuheto kwa Mnyakinyaga wa kawaida, ng'ombe anayetoka zizini, hata kama hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuushika upinde vitani.

Kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha katika historia za kijeshi. Askari asiye na msafara wa chakula hula anapopita. Wepesi wake ni uzito uliohamishiwa kwa mkulima mwenye maharage, mtama na ndizi pale jeshi linapolala. Kinyaga, iliyolazwa na majeshi ya Rwabugiri mwaka baada ya mwaka, ililipa gharama hiyo bila kupata ng'ombe wa Bushi waliotekwa, maana wengi wao walipelekwa ng'ambo ya Nyungwe. Jambo hili lina umuhimu kwa kuelewa mwaka 1896: jeshi la mwami lilipofika Shangi kumfukuza mgeni, halikufika kwa watu ambao wote walikuwa na sababu ya kulishangilia.

Shangi

Kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichoweka kituo Shangi kiliongozwa na luteni aitwaye Sandrart. Askari wake walikuwa Waafrika wa jeshi la Mfalme Leopold, na nao walikuwa askari wepesi wa miguu: hawakuwa na farasi, walitembea pekupeku au karibu na hapo, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi. Bunduki ya kawaida ya jeshi hilo ilikuwa Albini, yenye kutia risasi moja kwa wakati mmoja. Si bunduki ya ajabu kwa viwango vya 1896, mwaka ambao Ulaya ilikuwa tayari imehamia bunduki za risasi nyingi zisizotoa moshi. Lakini mpigaji aliyefunzwa aliweza kurudia kuitia risasi haraka, na risasi yake ilifika mita mia kadhaa. Kati ya mahali ilipoanza kuua na mahali mkuki ulipoanza kuua palikuwa na uwanja wa kukimbia, na uwanja huo ndio vita vyenyewe.

Ikulu ilituma majeshi yake bora. Miongoni mwao lilikuwamo Ingangurarugo, jeshi lililoundwa na Rwabugiri na kubeba sifa za vita vyake, likiongozwa na Bisangwa mwana wa Rugombituri. Shambulio lilielekezwa kwenye kituo. Risasi zikawakuta washambuliaji wakiwa wengi, mahali pa wazi, wakimkimbilia adui aliyetulia akiwangoja. Bisangwa aliuawa, na waliobaki wakarudi nyuma.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na Lugalo. Zelewski alikuwa safarini. Watu wake walikuwa wamejipanga katika mstari mrefu kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe, wengi hawakuwa tayari kufyatua, na Wahehe walitokea katika umbali ambao mkuki ndio silaha bora. Uwanja wa kukimbia haukuwapo. Mkwawa huyohuyo, tarehe 30 Oktoba 1894, aliketi nyuma ya kuta za ngome yake ya Kalenga akapigana vita vya mahali pamoja, akashindwa. Kisha akarudi kwenye misitu na vilima na kuwasumbua Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898. Watu wale wale na mikuki ile ile walileta matokeo matatu tofauti. Historia ya mbali zaidi inatoa mfano wenye sura hiyohiyo. Mwaka 390 KK, karibu na Korintho, askari wepesi wa Athene chini ya Iphicrates walikikabili kikosi cha Sparta cha watu wapatao 600 wenye ngao nzito, ambao kwa mapigano ya ana kwa ana hawakuwa na wa kuwalinganisha nao. Waliwarushia mikuki, wakakimbia kila walipofukuzwa, wakarudi kila wafukuzaji walipochoka. Xenophon anasema Waspartani wapatao 250 walikufa. Siri ilikuwa kukataa mapigano ambayo adui aliyataka.

Pale Shangi ikulu haikukataa. Kwa nini? Jibu la kwanza limekwisha kugusiwa: mizani ya sifa. Jibu la pili ni kwamba mbinu ambazo jeshi hilo lilizijua zililenga ng'ombe. Ukiteka ng'ombe wa mtwana wa Bushi, umemwondolea watu, chakula na heshima, na hana budi kukufuata au kusalimu amri. Kituo cha askari hakina mifugo ya kukivunja namna hiyo. Kinaishi kwa chakula kinachonunuliwa au kunyang'anywa vijijini. Kukizingira kwa wiki kadhaa, kuwavizia wachota maji na wapagazi wake, kungewezekana kwa askari wanaojua kila kilima, lakini kungehitaji ushirikiano wa wakulima wa Kinyaga, na ushirikiano huo Rwabugiri alikuwa ameutumia mpaka tone la mwisho. Baadhi ya wakuu wadogo wa Kinyaga waliuona ujio wa Wazungu kuwa mlango wa kujinasua kutoka kwa wakuu waliotumwa na ikulu, na walijisogeza kwao mapema.

Jibu la tatu ni la kisiasa, nalo pengine ndilo lenye uzito zaidi. Rutarindwa alikuwa ametawala peke yake kwa miezi michache tu. Mama mlezi wake katika cheo cha umugabekazi alikuwa Kanjogera, aliyekuwa na mwanawe mwenyewe, Musinga, na kaka yake Kabare aliyekuwa na hamu ya kumweka kijana huyo kwenye kiti. Mwami wa namna hiyo hawezi kumudu vita vya kungojea. Anahitaji ushindi wa kuonekana, na mlinzi wake mkubwa, Bisangwa, alihitaji kuonesha kwamba jeshi la Rwabugiri lingali hai. Badala yake Shangi ilimwondolea Rutarindwa mtu aliyeweza kumkinga na sehemu ya jeshi lililomwogofya kila mshindani. Desemba 1896, pale Rucunshu, wafuasi wa Kabare walimshambulia. Rutarindwa aliangamia pamoja na watu wake, na Musinga akawa Mwami Yuhi wa Tano. Ukoo wa umugabekazi, Abega, ukashika hatamu. Kwa mtazamo huo, mapigano ya saa chache kando ya Kivu yalibadilisha nani anatawala Nyanza kwa kizazi kizima.

Rugaruga wavuka mto

Wakongo hawakudumu Shangi. Uasi uliozuka mwaka 1897 ndani ya msafara wa Dhanis, kaskazini-mashariki mwa Kongo, uliwavuruga, na mwaka 1898 kapteni Mjerumani Bethe aliweka kituo chake Shangi. Richard Kandt, aliyekuja baadaye kuiasisi Kigali mwaka 1907, alijenga nyumba yake ya kwanza papo hapo. Mpaka uliamuliwa Brussels mwaka 1910, Ijwi ikaenda kwa Wabelgiji, na Rusizi, mto ambao majeshi ya mwami yaliuvuka bila kumwuliza mtu, ukawa mstari kwenye ramani.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, mstari huo ukawa uwanja wa vita. Tarehe 24 Septemba 1914 kapteni Max Wintgens aliiteka Ijwi kwa ghafla kupitia ziwani. Wajerumani walikuwa na askari wachache kwa nchi yenye vilima vingi hivyo, na kombania zao nyingi bado zilitumia bunduki za mtindo wa 1871 ambazo moshi wake ulimwonesha adui mpigaji alipo. Walihitaji watu wa kulinda njia, kuvizia doria na kupeleka habari, yaani kazi ambazo askari mwepesi ndiye fundi wake. Musinga aliwapa vijana wake, wakafunzwa bunduki, na jeshi lao likaitwa Indugaruga.

Jina hilo lingetosha kuwa mada ya makala nyingine. Rugaruga walikuwa vijana wa vita wa Unyamwezi, waliopata umaarufu chini ya Mirambo kabla hajafariki mwaka 1884. Walikuwa watu wa magobori na mikuki waliokwenda mbio, wakashambulia kwa ghafla na kutoweka, na ambao Stanley aliwaonja nguvu zao karibu na Tabora mwaka 1871. Misafara ya biashara ikalichukua neno hilo, Wajerumani wakalipokea kwa maana ya askari wa ziada wasio wa jeshi rasmi, na kutoka Kiswahili cha kambini likaingia Kinyarwanda, likavikwa kiambishi chake na kupewa nafasi katika orodha ya majeshi ya mwami pamoja na Ingangurarugo. Ikulu iliyopoteza jeshi lake Shangi kwa kukimbilia risasi sasa ilikuwa na jeshi lililobeba jina la watu waliosifika kwa kutokaa mahali pamoja.

Lilidumu kwa muda mfupi. Aprili 1916 brigedi ya kusini ya Wabelgiji, chini ya Olsen, ilivuka na kuichukua Shangugu, huku ile ya kaskazini chini ya Molitor ikielekea Kigali, ambako ilifika tarehe 6 Mei. Wintgens aliondoka Rwanda ili asizingirwe. Njia ya Olsen ilipita Kinyaga, na wapagazi na chakula vikatolewa huko kama vilivyotolewa kwa Rwabugiri miaka thelathini kabla. Upande wa kaskazini-magharibi, hasa Bugoyi, vita hivyo vilifuatwa na njaa iliyokumbukwa kwa jina la Rumanura, ya mwaka 1916 hadi 1918.

Utawala wa Kibelgiji haukuwa na nafasi kwa jeshi la mwami. Ulinzi ulikabidhiwa askari waliotoka Kongo, na mageuzi ya mwaka 1926 yalikiondoa cheo cha umutware w'ingabo, mkuu wa jeshi, kwa kukiunganisha na vyeo vya ardhi na malisho chini ya mtu mmoja. Kwa wenye ng'ombe wa Kinyaga jambo hilo lilikuja kwa kuchelewa: kwa miaka mingi baada ya Shangi walikuwa wakiendelea kudaiwa ng'ombe wa umuheto, yaani ng'ombe wa upinde, na wakuu wa majeshi ambayo hayakuwa tena na vita vya kupigana.